Namba ya Siri Iliyokuwa Duarani

Sesilia Maganga ana miaka thelathini na mbili, anakaa Kambarage mjini Shinyanga, na kazi yake ni kufunga wifi kwenye shule, vyuo na nyumba za wageni. Alizaliwa Mwadui, ambako baba yake alikuwa fundi umeme, na ni baba huyo aliyemfundisha kupanda ngazi bila kutazama chini. Ukiwauliza majirani habari zake watakwambia ni fundi hodari ila ana haraka. Hawamsingizii. Huyu ni mtu anayekunywa chai ikiwa bado inaunguza, halafu analalamika ulimi. Na siku moja ya mwezi wa tano, haraka yake nusura iwagharimu watu thelathini na sita mwaka mzima.

Watu hao walikuwa wanafunzi wa chuo kidogo cha ufundi huko Segese. Waya wa intaneti wa chuo ulikuwa umekatwa juzi yake. Mtaro wa waya ule ulipochimbwa ulitoa mawe meupe, dalili ya dhahabu, na Segese ukishatoa jiwe jeupe juu ya ardhi umekaribisha wageni. Wakaja na sululu zao kufuata mwamba. Dhahabu hawakuiona, waya wakaumaliza. Sasa saa nane mchana wanafunzi walitakiwa kufanya mtihani wa mwisho kwenye kompyuta, wote kwa mpigo, na nusu saa baada ya hapo mfumo ungefunga mlango. Atakayekosa angoje mwakani.

Sesilia alifika saa nne na kontrola mkobani, kile kisanduku kinachoongoza wifi ya jengo zima. Hiki kilikuwa na tundu la laini ya simu, kwa hiyo waya ukikatika kinavuta intaneti kutoka kwenye mnara na kuigawa kwenye kompyuta zote. Mkuu wa chuo, Mwalimu Eustace, alimkabidhi laini kwa mikono miwili.

"Ni laini ya chuo, Fundi. Kifurushi nimeweka jana, kikubwa."

Sesilia akaichomeka, akawasha. Alichosahau ni kwamba kontrola ile alikuwa ameing'oa wiki iliyopita kwenye nyumba ya wageni, na ndani yake ilibaki namba ya siri ya laini ya huko. Yenyewe ikaijaribu kwenye laini mpya. Ikakataliwa. Fundi mwingine angesoma kioo kwanza. Sesilia akazima, akawasha tena, nayo ikarudia ujinga uleule. Ndipo aliposoma: laini ina namba ya siri, jaribio lililobaki ni moja.

Akikosea tena, laini ingejifunga mpaka ipatikane ile namba ndefu inayokuja na kadi yake, na kadi hiyo hakuna aliyejua ilitupwa jalala gani. Alitamani kusema kontrola ni mbovu.

"Mwalimu, nimeharibu," alisema. "Namba ya siri ya laini hii anaijua nani?"

"Ndaki peke yake," Mwalimu Eustace alijibu. "Alikuwa karani wetu. Mwezi wa kwanza akaacha kalamu akaenda kuchimba."

Walimpigia Ndaki. Akapokea mwanamke, sauti nzito. "Yuko chini. Anapanda saa kumi." Simu ikakatwa.

Saa tano na nusu Sesilia alishuka kwenye bodaboda machimboni. Pembeni ya duara, shimo refu lililozungushiwa magogo, mama mmoja mnene alikuwa anageuza ugali. Jina lake Paskazia. Wachimbaji wote wa duara lile hula kwake, na kabla ya kuzama humwachia simu zao. Alikuwa nazo kumi na moja ndani ya ndoo yenye mfuniko.

"Shikamoo, mayu," Sesilia alisema, akimwita mama kwa Kisukuma.

"Marahaba. Kaa, chakula bado."

"Sijaja kula. Nasikia simu ya Ndaki unayo wewe, hata namba zake za siri unazijua. Naomba unitajie."

Mwiko ukasimama. Wanawake wawili waliokuwa wanachambua mchele wakainua vichwa, na mmoja akajishika kifua.

"Nani amekwambia?" Paskazia aliuliza, na sauti ilikuwa imebadilika. "Kimetokea nini huko chini?"

Sesilia hakuelewa. Ikabidi mmoja wa wale wa mchele amweleze kwa kunong'ona. Kila anayezama humwachia Paskazia simu na namba zake za siri, ili siku asipopanda, mama afungue simu na kuwapigia nyumbani kwake. Namba hizo hazitajwi kwa sababu nyingine yoyote. Kuja kuziuliza mtu akiwa chini ni kuja kutangaza msiba.

Sesilia aliona aibu mpaka masikioni. Akapiga magoti pale kwenye majivu.

"Nisamehe, mama. Ndaki ni mzima. Nina shida ya laini ya chuo, nilidhani aliiwekea namba zilezile za simu yake." Akaeleza yote, mtihani, waya, na kosa lake la kuzima na kuwasha.

Paskazia alimtazama kwa hasira, kisha akapumua kwa nguvu. "Binti, umenikata maini. Namba yake sikupi, hata uniletee mkuu wa mkoa. Mwenyewe si yuko hai? Aulizwe mwenyewe."

Akaenda kwenye winchi, akapaza sauti kwa Kisukuma, na wazungushaji wakasimamisha kamba. Sesilia akaandika swali kwenye kipande cha boksi la sabuni. Kikashuka ndani ya kiroba kilichofungwa kokoto. Halafu wakangoja. Mita sitini kwenda chini ni ndefu, na Sesilia, ambaye hajawahi kungoja kitu maishani, alikaa na mikono mapajani akitazama kamba. Saa sita ikapita. Saa sita na nusu. Kamba ikatikisika mara mbili.

Boksi lilirudi limelowa tope. Kulikuwa na tarakimu nne zilizoandikwa kwa kalamu ya kutilia alama viroba, na chini yake mstari mmoja: *Mwambieni Ritha asiogope.*

"Ritha nani?"

"Mke wake," Paskazia alisema. "Si yuko huko huko chuoni kwenu? Haya, kimbia."

Saa saba na dakika hamsini wanafunzi walikuwa wamekaa mbele ya kompyuta. Safari hii Sesilia alifuta kwanza namba ya zamani. Akaandika tarakimu nne, akazisoma kwa sauti, akalinganisha na boksi, akazisoma tena. Mwalimu Eustace alikuwa amefumba macho. Akabonyeza.

Laini ikafunguka, ila intaneti haikuja. Lilibaki jina la APN, lile lango ambalo laini hupitia kwenda mtandaoni, nalo lilikuwa bado la nyumba ya wageni. Akaliandika jipya herufi kwa herufi. Taa nyekundu ikazima, ya kijani ikawaka, na ndani ya chumba mtu mmoja akapiga kelele, "Imefunguka!" Kisha wote wakaanza kubofya.

Sesilia alikaa sakafuni, mgongo ukutani, akacheka na machozi yakamtoka papo hapo. Hakuinuka saa mbili nzima. Alikuwa anaitazama ile taa ya kijani.

Wanafunzi walipotoka, wa mwisho alikuwa mwanamke mwembamba mwenye ujauzito mkubwa, anatembea ameshika kiuno. Sesilia alimuuliza jina. Ritha. Akampa boksi.

"Salamu hii ilikuwa yako toka mchana. Nisamehe, sikupata nafasi."

Ritha alisoma, akapitisha kidole juu ya tope lililokauka.

"Umechelewa, dada," alisema, huku anatabasamu. "Nimeshaogopa, na nimeshamaliza. Saa ngapi hiyo?"

"Saa kumi na dakika tano."

"Basi mume wangu ameshapanda," Ritha alisema, na hapo ndipo alipokaa chini.