Muhuri wa Mama Micheline na Mwaliko wa Alhamisi

Mama Micheline hubeba muhuri wa ofisi ndani ya mkoba wake, umefungwa kwenye leso, pamoja na kisahani cha wino. Hauachi ofisini hata siku moja. Ofisi ikiungua, husema, viti tutatafuta vingine, lakini muhuri ukiibwa tumekwisha. Kwake yeye karatasi isiyo na muhuri ni ya kufungia karanga. Kwa miaka ishirini na miwili amekuwa katibu wa chama chetu cha wavuvi hapa Kisangani, na katika miaka hiyo hakuna barua iliyoingia ikakosa kuandikwa kwenye daftari lake kubwa, wala iliyotoka bila nakala kubaki kabatini. Huja kazini kutoka Mangobo kwa toleka, amekaa kiubavu nyuma ya baiskeli, mkoba mapajani, kama mtu aliyebeba mayai.

Mimi naitwa Merdi. Kazi yangu ni kwenda vijijini kando ya mto na kurudi na habari. Nimegombana na mama huyu mara nyingi kwa sababu ya madaftari yake, nasema mapema nisionekane namsifu bure. Lakini uvivu hana, uzembe hana, na ndiyo maana mambo ya ule mwaliko yananichoma mpaka leo.

Mwaka jana papa Eugène, mvuvi wa kijiji kimoja chini ya Isangi, alimpoteza binti yake Angélique. Uchungu wa kuzaa ulimshika alfajiri, wakampakia kwenye pirogi, wakapiga kasia kuupanda mto kutwa nzima. Hospitalini Isangi walifika na maiti mbili. Tangu siku hiyo papa Eugène hana wimbo mwingine ila boti lenye mota, la kubeba wagonjwa. Shirika moja la Kinshasa lilikuwa na boti moja tu la kutoa, na vyama viwili vililiomba, chetu na kingine. Wakubwa wa shirika wakasema watasikiliza kila upande robo saa, kwenye kompyuta, siku ya Alhamisi, kisha wataamua hapo hapo. Sisi tulimchagua papa Eugène aseme.

Jumatatu mwaliko ukafika. Aliyeutuma ni Sara, binti anayepanga vikao vya shirika. Baadaye nilielezwa kwamba kwenye programu yake ya barua pepe mwaliko huonekana vizuri kabisa: siku, saa, na chini vitufe vitatu, ndiyo, hapana, labda. Ukibonyeza ndiyo, kalenda yake inajiandikia yenyewe kwamba utakuja. Programu yetu ni nyingine, iliwekwa zamani na mtu wa kujitolea ambaye alisharudi kwao. Kwetu sisi ilifika barua tupu, na kiambatisho chenye jina ambalo hata kulitamka huwezi.

Tukamwita Rolly, fundi wa kompyuta wa ng'ambo ya barabara. Akalazimisha kile kiambatisho kufunguka, zikatoka kurasa mbili za herufi na tarakimu zilizobanana. Ukitumbua macho sana ungeokota humo siku na saa: Alhamisi, saa nne za Kinshasa, yaani saa tano kwetu, maana jua hutufikia sisi kwanza.

"Mama, hapa hakuna ya kubonyeza," Rolly akasema. "Banasema répondez, lakini fasi ya kujibu haiko."

"Bon," akajibu mama Micheline. "Kujibu mi nilijifunza mbele wewe uzaliwe."

Akazichapa zile kurasa mbili. Akaandika barua rasmi ya kukiri kwamba tumepokea mwaliko na tutahudhuria. Mkurugenzi wetu akatia sahihi, mama akafungua leso, akapiga muhuri na kuukandamiza kwa kiganja, kisha akaipiga picha barua na kuituma. Nikamwuliza kama ameituma kwa Sara.

"Kwa Sara? Sara njo chef? Barua inaenda kwa Directeur wa Kinshasa. Yeye atashusha."

Ndivyo barua zinavyotembea kwetu, zinapanda hadi juu, kisha zinashuka ngazi kwa ngazi. Hata mimi niliona sawa, sina haki ya kujifanya mjanja leo.

Siku hiyo hiyo nikashuka mto kumchukua papa Eugène. Niliporudi naye Jumatano mchana nilimkuta mama Micheline ana uso wa msiba. Jumanne kompyuta ya Kinshasa ilikuwa imeleta ukumbusho: hamjajibu. Akaandika barua ya pili, akapiga mihuri miwili. Jumatano asubuhi, ukumbusho tena: hamjajibu. Akaandika ya tatu.

"Tulijibu mara tatu, Merdi! Sasa banataka nijibu na damu?"

"Mama, tupige simu kwa ule binti."

"Simu haiachaka copie. Kesho akikana, utaonyesha nini?"

Ningepaswa kupiga mwenyewe. Namba ilikuwa kwenye daftari, mkono ulikuwa wangu. Lakini nilikuwa nimechoka na safari, nikakaa nikala lituma yangu ya ndizi na samaki, na hilo sijisamehei.

Rolly ndiye aliyeleta matumaini. Akaurusha mwaliko kwenye simu yake, na kweli, kwenye kioo cha simu vitufe vitatu vikajitokeza. Akabonyeza ndiyo. Simu ikaandika kwamba mwaliko umekubaliwa. Tukapiga makofi. Papa Eugène, ambaye hakuelewa lolote, akapiga makofi pia.

Alhamisi papa Eugène alifika ofisini saa mbili asubuhi, amevaa koti la kaki alilofungia ndoa. Hotuba yake hakuiandika, aliibeba kichwani, na midomo ilikuwa ikimchezacheza. Umeme haukukatika, mtandao haukukatika. Hiyo peke yake ingetosha kututia wasiwasi, maana kwetu mambo hayaendi hivyo.

Saa tano Rolly akafungua mlango wa kikao. Kompyuta ikaandika: subiri, mwenyeji atakuruhusu kuingia. Tukasubiri dakika tano. Kumi. Papa Eugène akafunga kifungo cha koti, akakifungua, akakifunga tena. Dakika ya ishirini mama Micheline mwenyewe akanyakua simu akampigia Sara.

Sara akapokea kwa kunong'ona, kwa Kifaransa, na simu ilikuwa kwenye sauti ya wote. Akasema kalenda inaonyesha chama chetu hakikujibu. Waliojibu ni kile chama kingine na mtu mmoja asiyemjua anayeitwa Rolly Dépannage, naye Sara alidhani ni mdukuzi, akamwacha nje.

Wote tukamgeukia Rolly. Jasho lilimtoka. Simu ilikuwa yake, anwani yake, jina lake la biashara, na mlango wa kikao alikuwa ameufungua kwa jina hilo hilo. Alikuwa amekubali kwenda yeye.

"Na barua zetu?" mama Micheline akauliza. "Tatu! Na sahihi! Na muhuri!"

"Mama, mimi sijaona barua yoyote."

Zilikuwa kwenye ofisi ya Directeur, zikingoja kushushwa. Sara akaomba tusubiri. Alipambana, nakiri, tulimsikia akisihi mbele ya watu. Akarudi, sauti imemwishia. Wakubwa wana ndege saa sita, walimsikiliza aliyekuja, wameshaamua.

Ukimtafuta mtu wa kumkasirikia humpati. Ningempata ningemrukia.

Papa Eugène hakujua Kifaransa, lakini alituangalia nyuso, ikamtosha.

"Imeisha?" akauliza.

"Imeisha, papa," nikamwambia.

"Hata kuniona, habakuniona?"

"Habakukuona."

Papa Eugène akasimama, akavuta koti lake likae sawa.

"Bon. Minatoka mbali. Minaweza kusema kwenu?"

Akasema. Akaeleza jinsi Angélique alivyokuwa akiuliza wamefika wapi, na yeye akimdanganya kila baada ya kona ya mto kwamba Isangi iko karibu. Akaeleza jinsi alivyoacha kuuliza. Dakika kumi na nne, hata robo saa yake haikuisha. Rolly alilia wazi, mimi nilijificha dirishani. Mama Micheline alikuwa ameinama akiandika kila neno. Papa alipomaliza, mama akaichapa karatasi, akapiga muhuri, akampa nakala kwa mikono miwili.

"Batu ya kijiji bajue ulisema," akamwambia.

Papa Eugène akaikunja akaitia mfukoni mwa koti. Ijumaa nikampeleka bandarini. Mzigo wake niliubeba mimi.

Wiki tatu baadaye, siku ile ile tuliposikia kwamba wenzetu wameshaliteremsha boti lao majini, barua pepe ilifika kutoka kwa Directeur wa Kinshasa. Ilikuwa na karatasi moja, nzuri, yenye namba, sahihi na muhuri wa mviringo uliokolea. Ilisema barua zetu tatu zimepokelewa, na ushiriki wetu katika kikao umezingatiwa.

Mama Micheline akaichapa. Akafungua daftari, akafungua leso, akaushika muhuri juu ya ile karatasi. Mkono ukabaki hewani. Katika miaka yote niliyofanya naye kazi sijawahi kumwona hajui karatasi iende wapi.

"Merdi," akasema, "hii mi niiandike wapi?"

Akaufunga muhuri kwenye leso bila kuupiga.