Joho Kabla ya Darasa

Fundi cherehani yule alikuwa amefura kwa hasira tangu chuo binafsi cha katikati ya mji kimpe kazi ya kushona majoho ya mahafali ya kuwavisha waombaji. Kijana hajakanyaga darasa, anavishwa joho, anapigwa picha, mama yake analia kwa furaha, na papo hapo anaandikishwa. Ndiyo maana foleni yao inafika barabarani!

“Huu ni utapeli mtupu!” alifoka akiingia nyumbani.

Mumewe alikuwa ametundika ukutani picha ya binti yao, kavaa joho, anacheka.

“Mke wangu, njoo umwone mwanao,” alisema, machozi yakimlengalenga.

Fundi alifungua mdomo amgombeze, lakini mkono wake ulikuwa tayari unainyoosha picha iliyokaa upande.

“Wameniweza,” alisema. “Washenzi wakubwa hawa, wameniweza!”