Chumba cha Dawa ya Macho

Mwezi wa nane mwaka 1982 nilimpoteza mke wangu. Tulikuwa tumefanya kazi pamoja miaka tisa katika famasi ya hospitali moja ya Karatu. Yeye aliosha chupa. Mimi niliishia darasa la saba, nikafundishwa humo humo kutengeneza dawa ya matone ya macho.

Dawa ile haikuchemshwa mwishoni, kwa hiyo kilichoangukia ndani kilibaki ndani. Vumbi letu jekundu hubeba vijidudu, na pumzi ya mtu pia. Dirisha lilikuwa limezibwa. Sikufagia kamwe, nilipangusa meza na sakafu kwa kitambaa kibichi, nikasubiri hewa itulie. Kisha nilijifunga kitambaa kingine mdomoni na puani, nikafanya kazi bila kusema neno. Mke wangu alikuwa upande wa pili wa kioo. Akitaka kujua kama nimemaliza aliinua kidole, nami nikamjibu kwa kichwa.

Wiki ya tatu baada ya maziko nilirudi kazini. Gari la matibabu ya macho lilikuwa liende Olbalbal kesho yake, na watu kule walikuwa wameshatangaziwa. Nilijaza chupa zote. Vilipobaki vifuniko tu nilitazama kwenye kioo. Hapakuwa na mtu. Nilishusha kitambaa, nikamwambia mke wangu kwa Kiiraqw kwamba maharage tumeshavuna. Humo ndani sikuwahi kumsemesha.

Nikafunga chupa. Hakuna aliyeniona. Nilikaa nje kwenye benchi nikiwafikiria wale watu, wengine huja wameshikwa mkono na wajukuu. Wakikosa dawa wataendelea kuumwa. Wakipewa yenye vijidudu wanaweza kupofuka. Nikamwendea mfamasia, binti mdogo kwangu niliyemwita mama kwa heshima ya kazi, nikamweleza.

"Chupa zilikuwa wazi, baba?"

"Wazi."

"Na kitambaa?"

"Kidevuni."

Hakuniuliza nilisema nini. Alisema zimwagwe zote, na kwamba dawa ya kutengenezea nyingine hatuna mpaka iletwe kutoka Arusha. Tukazimwaga pamoja.

Asubuhi dereva wa gari lile, alipoambiwa kwa nini hakuna dawa, alicheka. Kama dawa ingeharibika kwa maneno, alisema, yeye angekuwa ameshafukuzwa kazi zamani. Mfamasia akamvuta kando, wakaongea kidogo. Dereva akarudi akanipa mkono, akasema, "Pole, mzee." Kisha akawasha gari, wakaenda Olbalbal bila dawa yetu.