Nilipowekwa Rehani Kondoa

Mama alifariki siku aliyomzaa mdogo wangu, na wakati huo baba alikwishachukuliwa kuwabebea Wadachi mizigo ya vita. Tukabaki mikononi mwa babu na bibi, wazazi wa mama, katika tembe lao karibu na Hombolo. Mimi nilikuwa msichana wa kutumwa maji na kuni.

Bibi alianza ulezi upya hali meno yamemwisha. Alimfunga mtoto mgongoni kwa mbeleko ya ngozi, akalima naye, akatwanga naye. Mtoto alipolia sana alimpa titi lake kavu ili anyamaze tu. Kilichomweka hai ni maziwa ya ng'ombe mmoja mwekundu. Babu aliyakamua na kuyachemsha mwenyewe; hakumwamini mtu mwingine kwa kazi hiyo, hata bibi.

Mwaka ule mvua ilikatika, uwele ukakauka kabla ya kutoa masuke. Askari wakaja na jumbe kuchukua mifugo. Babu alipiga magoti mbele yao, jambo ambalo sikuwahi kumwona akilifanya.

"Bwana, chukua wote, niachie huyu mwekundu. Ndiye mama wa mtoto huyu."

Bibi akageuka ili wamwone mtoto mgongoni. Askari alimtazama kitambo, nikadhani amelainika.

"Hata mimi nimetumwa, mzee," akasema, akamswaga pamoja na wengine. Akiba ya uwele nayo waliikomba.

Baada ya hapo bibi alichimba mizizi, akaitafuna hadi ikawa laini, akamlisha mtoto kwa kidole. Mtoto akavimba miguu, akaacha kulia. Kule kutolia kulimtisha babu.

"Nampeleka huyu Kondoa," akamwambia bibi, akinionyesha mimi. "Kuna mtu nilibadilishana naye chumvi kwa asali zamani. Atanipa mtama."

"Unamuuza?"

"Namweka rehani. Mvua ikinyesha nitamkomboa."

"Wewe mwenyewe unaamini?"

Babu akachukua fimbo yake. Bibi alinipaka mafuta ya nyonyo miguuni, akaniambia, "Ukipewa chakula, kula. Usituwaze. Ukituwaza hakitashuka."

Babu alizoea kunitania kwa kuniita mke wake. Njia nzima hakuniita hivyo. Tulipofika milimani alipokea mzigo wa mtama kwa yule mtu wa asali, akajitwika.

"Mke wangu, nitakuja kukuchukua," akasema, akashika njia. Jioni hiyo nikapewa ugali. Niliula wote.

Wenye nyumba hawakuwa watu wabaya. Nilichunga mbuzi wao, nikatwanga mtama wao, nikalala pamoja na binti zao. Vita vikafika Kondoa, Wadachi wakakimbia, na babu hakuja. Njia zilipotulia niliomba ruhusa, nikafuatana na wachuuzi wa chumvi hadi kwetu.

Paa la tembe lilikuwa limeanguka. Mama mmoja jirani alinitambua, akanikalisha chini.

"Babu yako alifika na mtama," akasema. "Bibi akapika uji. Mtoto hakuweza tena kumeza, ukawa unamtoka pembeni mwa mdomo. Alifia mgongoni. Bibi yako akaendelea kumbeba mpaka tulipomfungua mbeleko kwa nguvu."

"Na babu?"

"Alilala tu, mwanangu. Hakutaka kuugusa mtama ule. Alisema ni wewe."

Baada ya kumzika babu, bibi aliaga kwamba anakwenda Gulwe. Alisikia nafaka humwagika kwenye reli pale magunia yanaposhushwa. Nikamfuata huko. Nilizunguka nikiuliza, hadi nikampata mzee aliyekuwa akipakia kuni za treni. Nikamwamkia, nikamweleza.

"Vikongwe wengi walipita hapa," akasema. "Wengine walifia njiani, tuliwafukia huko huko. Wako alikuwa na alama gani?"

Alikuwa bibi mzee, mwembamba, mwenye njaa. Kila kikongwe niliyemwona kando ya reli siku ile alikuwa hivyo.