Mawe Saba ya Baba Yaliyopigwa Msasa

Tuliokuwepo ni hawa: mimi Bosibori, binti wa fundi Nyakundi aliyechonga tao la mlango wa kanisa letu la zamani, wifi yangu Nyanchama, mjane wa kaka yangu, Ombati, mwenyekiti wa ujenzi, ambaye babake alimchanganyia baba yangu chokaa, na Matundura, mchongaji wa vinyago vya mawe kutoka Tabaka, aliyeitwa kuyasafisha mawe ya tao hilo.

Niliondoka Nyamira kwa sababu ya barua ya Nyanchama. Miaka michache baada ya Uhuru kamati ilibomoa kanisa ili ijenge kubwa. Waliniahidi mawe saba ya tao yatarudi mlangoni. Sasa, barua ilisema, Ombati atayaponda yawe kokoto.

Saa nne nikawa Kisii mjini, nikaunganisha gari la Suneka bila hata chai. Kutoka Suneka nikaenda kwa miguu, njia nzima nikigombana peke yangu.

Saa nane nikawakuta uwanjani mwa kanisa. Mawe yamelala kwenye nyasi, yanang'aa kama sahani za arusi. Nikageuza moja. Nyuma laini!

"Alama za baba ziko wapi?"

Maana baba aliyakwaruza nyuma, moja mpaka saba. Kila jiwe alilikata likae na jirani yake tu.

Matundura akatabasamu. "Nimeyapiga msasa pande zote, mama, halafu nta. Sisi Tabaka hatutoi jiwe chafu."

"Kwani hiki ni kinyago cha kiboko cha kuuzia Wazungu?"

"Mama, punguza sauti," Ombati akasema. "Siku tatu tunayapanga, hayakai. Kesho ni nyundo."

"Babako alichanganya chokaa ya baba yangu akiwa kimya. Wewe umejifunza wapi kelele?"

Nyanchama alicheka mpaka akajishika kiuno.

Nikawaambia wasimamishe mlangoni kiunzi cha mbao cha kushikilia mawe. Baba alipojenga, mimi nilikuwa mtoto wa kuchota maji. Alipotaka jiwe aliita jina la mwanamke aliyelibeba kichwani kutoka machimboni. Kerubo, lenye mshipa mwekundu. Gesare, la kijivu. Nyaboke, la waridi. Katikati juu Kwamboka, mama yangu, la manjano. Moraa, lenye madoadoa. Msasa ulikuwa umezifichua rangi zote, nikayajua mara moja. Matundura sikumshukuru, na mpaka leo sijamshukuru.

Mawili ya mwisho, Bonareri na Kemunto, yote meupe. Nikasema Bonareri kwanza. Yakapangwa yote, kiunzi kikatolewa, tao likasimama. Ombati akavua kofia. Nikamwambia aivae, si mazishi.

Kesho yake nikarudi Nyamira, bado nimekasirika. Nimejifunza kwamba alama ya nyuma ya jiwe hufutwa hata na mtu mwenye nia njema. Ndiyo maana nimewaandikia majina haya. Lakini chini kulia, kati ya yale meupe, kuna ufa wa kidole kimoja. Kama nimewabadilisha nafasi Bonareri na Kemunto, wajukuu wao waniambie sasa, kabla sijafa na tao halijaanguka.