Onyesha Kidole

Wiki jana, hapa Brussels, profesa alituonyesha nyoka mdogo wa kijani kutoka Asia, amejikunja ndani ya sanduku la kioo. Kati ya jicho na pua ana kishimo, kila upande kimoja, na kwa vishimo hivyo huhisi joto la panya hata gizani. Wenzangu wakapiga picha. Mimi nikasikia harufu ya maziwa yanayochemka.

Unanijua, rafiki, siamini kitu mpaka nikigeuze mara tatu. Lakini kisa cha kidole changu sikuwahi kuthubutu kukigeuza.

Nilikulia Kivu, kando ya kinamasi cha mafunjo. Nyanya yangu, ambaye sote tulimwita Koko, alisuka mikeka. Mimi na rafiki yangu, binti wa jirani, tulimkatia mafunjo asubuhi, miguu ndani ya matope baridi, vyura wakituzomea, kisha tukarudi kula bugali na sambaza, visamaki vya ziwani, vya kukaanga. Humo mafunjoni aliishi nyoka wetu mdogo, kijani na mweusi, mkia umeshika bua, kichwa chini, akimngoja chura. Hakuwa na vishimo kama yule wa Asia. Wala hakumfuata mtu, aliuma ukimgusa.

Nilimgusa nikiwa na miaka minane. Koko alinichanja kidole gumba kwa wembe, akabandika jiwe jeusi alilopewa na masista wa misheni. Jiwe hilo hung'ang'ania jeraha mpaka, wanavyosema, limalize kunywa sumu; likidondoka, unalichemsha kwenye maziwa ili litapike. Sikuvimba hata kidogo. Akina mama wa mtaa walikuja kutazama povu la maziwa, nami nikatembeza kidole changu kama medali.

"Mwenye jiwe hana safari ya hospitali," Koko akasema.

Mwaka uliofuata akaumwa binti wa jirani. Mama yake alishaita pikipiki.

"Maman, unakimbia wapi?" majirani wakamwambia. "Si huyu mutoto alipona?"

Koko akaniita. "Onyesha kidole."

Nikaonyesha. Pikipiki ikaondoka tupu. Jiwe lilishika vizuri sana. Kesho yake fizi za yule binti zikaanza kutoka damu, na damu haikuganda. Siku ya tatu tulimzika.

Wanaume wakachoma kinamasi chote: nyoka, vyura, ndege na viota vyao. Wakachimba mifereji, wakapanda viazi. Mikeka ikaisha. Koko alisema miaka yote kwamba kwa yule mtoto tulichelewa kubandika, basi.

Nilimwuliza profesa kuhusu kidole changu. Akasema nyoka hawa mara nyingine huuma bila kumwaga sumu. Huitunza kwa ajili ya chakula.

"Ungepona hata wangekubandika kipande cha mkate," akacheka.

Huenda hata hospitalini hawakuwa na dawa ya nyoka yule. Najifariji hivyo, kisha najiuliza mbona nahitaji kufarijiwa.

Jumapili nilienda kwa Koko, ambaye sasa anaishi hapa hapa Brussels, mtaa wa Ganshoren. Maziwa yalikuwa jikoni; bado hulichemsha jiwe, ingawa pale hakuna hata mjusi. Sebuleni alikaa maman mmoja kutoka mtaa wa Auderghem, anayerudi Kivu na watoto wake. Koko alikuwa anamtayarishia jiwe aondoke nalo.

"Bon, usiogope. Huyu ndiye alipona. Onyesha kidole, mutoto yangu."

Nikaficha mkono mfukoni. "Koko, yule nyoka hakunitia sumu. Jiwe halikufanya kitu."

Mgeni akatazama chini. Koko akanigeukia.

"Alors," akasema polepole, "ule mutoto wa watu, mimi nilimufanya nini?"

Kinamasi kimekwisha, vyura wamekwisha, rafiki yangu amekwisha. Kati ya vyote tulivyotoka navyo kule, Koko alikuwa amebaki na jiwe tu.

Jikoni maziwa yalifurika, yakaungua. Hakuna aliyeinuka.