Nani Anafua Ovaroli Yako?

Mwaka juzi niliitisha kikao sebuleni kwangu, nikawaaga watu wangu wote kwamba nakufa.

Sikufa, ndiyo maana mnanisoma hapa. Lakini subirini, msianze kunicheka mapema.

Mimi ni fundi paa. Miaka ishirini na sita nimekuwa juu ya nyumba za watu, na nusu ya miaka hiyo nilikuwa nakata na kutoboa yale mabati mazito ya kijivu ya asbesto. Ukiyapitisha msumeno yanatoa vumbi jeupe, laini kama unga. Barakoa tuliona ni za watu wa hospitali. Siku ya upepo tunafunga leso puani, basi, tunajiona tumekamilika.

Wenzangu walikuwa wanabadilisha nguo kazini. Mimi sikutaka. Nilipenda mtaa unione narudi na ovaroli yangu, nimetapakaa vumbi kichwa hadi miguu, wajue mwanaume katoka kazini.

Sifa tu.

Nikifika mlango wa nyuma, mke wangu ananisimamisha. Ananigeuza, ananikung'uta mgongo kwa viganja, vumbi linatimka, sote wawili tunapiga chafya na kucheka. Halafu ananivua ovaroli, anaipigapiga ukutani, ndipo anailoweka. Hiyo ndiyo ilikuwa salamu yetu ya kila jioni. Wanandoa wengine wana mambo yao, sisi tulikuwa na vumbi.

Kikohozi kikanianza.

Mwezi wa kwanza nikasema mafua. Wa pili nikasema hali ya hewa. Wa tatu mke wangu akaniambia kesho tunaenda hospitali, na shati la kuvaa keshalipiga pasi. Nikajua hapo hakuna mjadala.

Daktari wa kifua alikuwa mama mmoja mfupi, asiye na haraka. Nilipotaja asbesto aliweka kalamu chini. Akaeleza kwamba vumbi lile lina nyuzi ndogo mno, hata jicho halizioni. Zikiingia kwenye mapafu nyingine hazitoki tena, na miaka ishirini, thelathini baadaye zinaweza kuleta saratani.

Neno saratani lilipotoka tu, masikio yangu yakafunga kazi.

Kwa mbali nikamsikia anauliza kitu cha ajabu.

"Nguo zako za kazi nani anafua?"

"Mimi," mke wangu akajibu, huku anatafuta kitambaa mkobani.

"Basi na wewe utapigwa picha ya mapafu."

Nikaona daktari anapoteza muda. Mgonjwa ni mimi, mwenzangu hata hakohoi. Lakini aliingia kwenye ile mashine kubwa baada yangu, akatoka analalamika kuwa mle ndani kuna baridi. Tukaambiwa turudi baada ya wiki moja.

Wiki hiyo, ndugu zangu, nilikufa kila siku.

Niliandika wasia. Pima maji yangu ya kupimia usawa, ambayo nilikuwa simwazimi mtu, nikampa fundi mwenzangu tunayemwita Twiga kwa urefu wake. Viatu vipya nikampa shemeji. Halafu ndiyo nikaitisha kile kikao. Nikasimama mbele ya wanangu, kaka yangu, shemeji na Twiga, nikakohoa kidogo kwa msisitizo, nikawaomba radhi mmoja mmoja. Kaka yangu akalia. Twiga alilia kuliko wote, pima maji kaikumbatia kifuani.

Mke wangu alikuwa kwenye kona anashona kifungo. Akasema nikimaliza kuaga nikamwage taka, gari liko karibu kupita.

Nikaenda. Marehemu mtarajiwa, na ndoo mkononi.

Siku ya majibu daktari alianza na mimi. Mapafu yana makovu kidogo ya vumbi, nitakuwa naangaliwa kila mwaka, ila saratani hamna. Kikohozi ni mkamba, dawa zipo. Jamani, nilisimama nikataka kumkumbatia yule mama. Kichwani nilishaanza kupanga jinsi ya kumnyang'anya Twiga pima maji yangu.

"Kaa kwanza, baba," daktari akasema.

Akaweka picha ya pili. Ilikuwa ya mke wangu. Sehemu ya chini ya pafu la kulia kulikuwa na kidoa, ukubwa wa punje ya kunde.

Wakachukua kipande kidogo cha nyama ya pale, wakapima. Ilikuwa saratani.

Mwanamke ambaye hajawahi kupanda paa hata siku moja. Mimi ndiye niliyemletea vumbi lile mpaka mlangoni, tena kwa maringo.

Daktari alisema tumeiwahi, inatolewa kwa upasuaji. Tungesubiri mpaka akohoe, mazungumzo yangekuwa mengine. Mke wangu akanigusa goti, akaniuliza kama viti vya sebuleni vitatosha kwa kikao chake. Nikacheka huku machozi yananitoka.

Siku ya upasuaji nilikaa kwenye benchi la korido saa tano nzima. Mimi niliyehutubia ukoo mzima, siku hiyo nilikuwa nahesabu vigae vya sakafuni. Nilikuwa naogopa kumpoteza, na naogopa zaidi kwamba nitajua ni kwa nini.

Wakatoka wakasema sehemu yote yenye ugonjwa imetoka, na haikuwa imesambaa.

Mpaka leo picha zake ni safi. Anatembea kuliko mimi, na maneno hayajapungua hata moja.

Siku ya nne baada ya upasuaji, akiwa bado wodini, ndipo nilipopata ujasiri. Nikamwambia anisamehe, vumbi nililileta mimi.

Pumzi yake ilikuwa bado fupi.

"Ulikuwa hujui," akasema. "Na mimi nilikuwa napenda kukukung'uta. Ila sasa unajua. Leo hii kuna mwenzangu mahali anaikung'uta ovaroli ya mumewe. Mtafute umwambie."

Simjui alipo. Ndiyo maana nimeandika hapa.

Fundi mwenzangu, ovaroli ya asbesto usiipeleke nyumbani, hata kama unataka mtaa ukuone. Oga na ubadilishe hukohuko kazini.

Na wewe dada uliyekuwa unaifua miaka yote hiyo, usiikung'ute tena. Ukienda hospitali, mwambie daktari kazi ya mumeo, hata kama hukohoi.